Hakuna Sindano, Hakuna Hadithi

Mpaka leo nikikumbuka, mdomo unafunguka wenyewe. Watu wazima, wenye watoto na heshima zao, na mwili hauna kasoro yoyote, walikuwa wanapanga mstari asubuhi kule Alunguli ili wachomwe sindano ya ugonjwa ambao hawakuwa nao. Na sindano za wakati ule si hizi za leo, mtu anachomwa huku anapiga soga. Zilikuwa nene, zinachemshwa ndani ya sufuria na kutumika tena mpaka ncha inasahau kazi yake, na mahali pa kuchomwa ni pale pa kukalia. Mtu akitoka pale alikula chakula cha mchana amesimama.

Nilikuwa msichana. Ilikuwa ile miaka baada ya vita ya pili, Mubelgiji bado amekaa kitako katika nchi yetu wala haonyeshi dalili ya kuinuka. Jina langu ni Sharifa. Baba yangu, mzee Tambwe, alikuwa mshika breki wa treni ya mizigo, ile inayotoka Kindu kwenda Kibombo na mbele zaidi. Dereva alikaa mbele na moto wake, baba alikaa nyuma kabisa, ndani ya kibanda kidogo cha behewa la mwisho. Filimbi ikilia, anazungusha gurudumu la breki kwa mikono. Ikilia tena, analegeza. Mikono yake ilikuwa migumu kiasi cha kutoa sufuria motoni bila kitambaa, na mama alikuwa anamtumia hivyo.

Kuna safari moja alirudi nyumbani kwa miguu. Treni ilifika, yeye hakufika. Alipotokea mwishowe alisema tu kwamba amechelewa, akaomba maji. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuulizwa.

Tulikaa ng'ambo, Alunguli, na baba alivuka Lualaba kwa mtumbwi kila alipokwenda stesheni. Dispansere yetu ya ng'ambo ilikuwa nyumba ya matofali yenye chumba kimoja na baraza ndefu. Muganga wake wa zamani alihamishwa, ikabaki imefungwa, popo wakahamia. Halafu tukasikia kwamba kuna mgeni ametoka Ujiji, kwa Waingereza, amevuka ziwa na kusoma kwake kote, amepewa funguo.

Huyo ndiye Hamadi. Mrefu, shingo nyembamba, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Kiswahili chake kilituchekesha. Alisema mtu, mtoto, mkubwa, kama mtu anayebana maneno yasiishe upesi. Sisi tunasema mutu, mutoto, mukubwa, tunatoa yote tuliyo nayo. Lakini mtu mwenye koti jeupe hachekwi mbele ya uso, na hakukuwa na mama mwenye binti Alunguli ambaye hakuugua ghafla wiki ile ya kwanza.

Mimi sikumtafuta. Nilipeleka kidole kilichokatwa na kisu cha sombe, yale majani ya muhogo. Alikifunga polepole sana, kidole kidogo vile, kama anafunga mzigo wa kwenda Kongolo. Baada ya muda akatuma watu kwa baba kuniposa. Baba alikubali kabla hawajamaliza kukohoa. Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba akisema mukwe wake ni muganga, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Sasa nieleze buba, kwa sababu watoto wa leo hawaijui. Buba ni vidonda. Vinatoka usoni, miguuni, vinanuka, nzi wanakufuata kama una sherehe. Ukiachia, inaingia ndani ya mifupa. Dawa ilikuwepo, sindano moja kila wiki, wiki nyingi. Shida yake ni kwamba sindano ya kwanza ilikausha vidonda upesi sana. Mtu akiona ngozi imefunga anasema amepona, na ukizingatia ile sindano yenyewe, kwa ya pili haji ng'o. Buba inabaki ndani, inacheka.

Hamadi alihangaika. Aliwafuata watu mashambani, wakajificha ndani ya mihogo. Aliwabembeleza, wakamuitikia vizuri, wasitokee. Alimlalamikia baba kwamba hajaona nchi yenye watu wa kukimbia kama hii, na baba akamwambia kwamba kukimbia watu wenye koti tumejifunza zamani.

Basi Alhamisi moja, siku ya sindano, wagonjwa wakiwa barazani wanangoja sufuria ichemke, Hamadi akaanza kusimulia. Dereva mmoja wa treni, mtu wa majivuno, alitoka Kindu na mabehewa yake ameyahesabu mwenyewe. Kufika kituo cha kwanza, anageuka, kuna behewa la ziada nyuma. Jeusi, mlango umefungwa, halina namba. Hakuna mtu aliyelifunga pale. Dereva akauliza, kila mtu akaapa. Akaamuru lifunguliwe kutoka kwenye treni, liachwe. Likaachwa. Treni ikaenda. Kufika kituo cha pili dereva anageuka nyuma.

Hamadi akainua sindano, akasema, "Anayefuata."

Wakamuuliza dereva aliona nini. Akasema hiyo ni dawa ya Alhamisi ijayo.

Alhamisi ijayo walikuja wote, hata wale waliokuwa wamejificha kwenye mihogo, na walifika mapema kabla ya Hamadi mwenyewe. Behewa lilikuwepo kituo cha pili. Na la tatu. Mkuu wa stesheni alikataa kulisogelea. Kila wiki mtu fulani katika hadithi alikaribia kuufungua ule mlango, na kila wiki Hamadi aliinua sindano.

Habari ikatoka barazani ikaingia sokoni. Wazima nao wakaanza kuja, wakakaa uani, wakajaza njia mpaka wagonjwa wakakosa pa kupita. Hamadi akaweka sheria, na ndiyo sheria iliyotuletea yote haya. Alisimama mlangoni akasema barazani hakai mtu ila wa kuchomwa. Hakuna sindano, hakuna hadithi.

Alidhani watarudi nyumbani. Nani arudi nyumbani? Shangazi yangu Jamila, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye hakuwahi kuumwa hata na mafua, Alhamisi iliyofuata aliingia barazani akichechemea. Alisema mifupa inamuuma. Hamadi alimpapasa goti. Goti halikuwa na kitu, lakini buba ya mifupa haionekani kwa macho, na muganga mwaminifu hawezi kumwambia mtu kwamba maumivu yake ni ya uongo. Akamchoma. Shangazi alilia kidogo, akapangusa macho, akatafuta mahali pazuri pa kusikilizia, akalala kifudifudi.

Wiki iliyofuata mifupa ilikuwa inauma nusu ya Alunguli. Na mimi niliyeleta maji ya kuchemshia sindano, ambaye kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kukaa bure, nikaona mtu anaingia barazani ameinama, ameshika kiuno, kofia ameivuta mpaka kwenye pua. Mikono yake niliijua. Ilikuwa ya baba. Nusura nidondoshe ndoo. Baba alinitazama kwa jicho la kusema kwamba hatujuani, akashusha suruali yake ya reli kama wengine.

Baadaye nyumbani alinieleza, bila mimi kuuliza, kwamba anakwenda kumchunguza yule mgeni, kwa sababu treni hazifanyi kazi namna ile. Alikuwa amekasirika kabisa. Behewa haliwezi kujifunga lenyewe, kuna minyororo, kuna ndoana, kuna watu. Alhamisi iliyofuata alikwenda kumchunguza tena.

Hamadi aliomba dawa zaidi kutoka Kindu. Akaomba tena. Na kule Kindu, katika lopitalo kubwa, alikuwepo daktari Mubelgiji tuliyemwita Bwana Kioo kwa sababu ya miwani yake. Bwana Kioo hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hesabu. Akaangalia hesabu za dawa yetu akashtuka. Mahali pengine pote buba inapungua. Alunguli, watu wanachomwa wiki baada ya wiki na wagonjwa wanazidi, tena wazee, tena bila kidonda hata kimoja. Akaamua kwamba hii ni buba mpya, haijaonekana bado duniani, inayokwenda moja kwa moja kwenye mifupa.

Alivuka mto asubuhi ya Alhamisi na karani wake na askari. Hamadi alikuwa amefika mahali pabaya sana pa hadithi. Dereva mwenyewe amechoka, amekwenda nyuma ya treni peke yake, ameweka mkono kwenye komeo la behewa jeusi, na kabla hajavuta, komeo limeanza kusogea kutoka ndani. Hapo ndipo tulipoona buti za askari uani.

Bwana Kioo alisimama barazani, karani akawa anageuza maneno yake. Alisema anatuhurumia. Alisema Alunguli imepatwa na ugonjwa mkubwa. Kuanzia kesho mtumbwi hauvuki, hakuna wa kwenda sokoni wala kazini. Nyumba zitapigwa dawa. Na wote walio barazani, kwa kuwa mifupa yao imeingiliwa, watapelekwa kambi ya kutengwa, mbali, mto unakotoka, mpaka itakapojulikana.

Kila mtu alimtazama mwenzake aseme, na mwenzake alikuwa anamtazama yeye. Baba alikuwa amelala kifudifudi bado, suruali iko chini. Mtu wa reli akiandikwa mgonjwa wa kutengwa, kazi yake ya reli imekwisha hapo hapo. Nikaona masikio yake yamegeuka rangi.

Hamadi aliweka sindano ndani ya sufuria. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Bwana Dokta, hawa si wagonjwa. Hawa ni wasikilizaji."

Karani alimwomba arudie. Akarudia. Karani akageuza, Bwana Kioo akadhani karani amekosea, wakabishana kidogo kwa Kifaransa. Hamadi akamwomba shangazi Jamila atembee mpaka kwenye mlango. Shangazi akaenda akichechemea kwa mguu wa kushoto, kwa uchungu mwingi, mpaka nikamhurumia mimi niliyejua. Hamadi akamwomba arudi. Akarudi akichechemea kwa mguu wa kulia.

Bwana Kioo alivua miwani.

Hamadi akaeleza yote: sindano, watu kukimbia, hadithi, sheria. Akasema kosa ni lake, kwa sababu miguu ya shangazi aliiona kitambo, akanyamaza, akaendelea kusimulia kwa kuwa alikuwa anafurahi. Tulijua wazungu wanavyomfanya mtu aliyechezea dawa ya serikali. Bwana Kioo alirudisha miwani machoni, halafu akasema kitu, na karani akakigeuza haraka kuliko maneno mengine yote, kwa sababu naye alitaka kujua.

"Bwana anauliza, ndani ya behewa kuna nini?"

"Bado, bwana," Hamadi akajibu.

Hapo ndipo Bwana Kioo alipofoka. Alipomaliza kufoka alitoa hukumu, na ilikuwa laini kuliko tulivyoogopa, labda kwa sababu na yeye alikuwa karibu kuandikia wakubwa wake habari za ugonjwa usiokuwepo. Mtumbwi utavuka. Hakuna kambi. Hamadi hafungwi wala hafukuzwi. Atahamishwa Lubutu, koti lake juu yake, atachoma sindano na mdomo wake utafungwa. Watu wakapumua. Mimi nilianza kufikiria Lubutu, kama kuna samaki, kama kuna baridi.

Hamadi akafungua vifungo vya koti. Akalivua, akalikunja vizuri, mikono kwanza, akaliweka mezani karibu na sufuria.

"Kazi ya sindano wapo wengi wanaoiweza, bwana," alisema. "Hii nyingine nimeona kwamba ni yangu. Nitakaa hapa hapa, nisimulie, niandike."

Nasema ukweli, nilitafuta ukuta wa kuegemea. Shangazi Jamila alikaa chini, tena kwa lile kalio bichi, na hakulisikia. Mtu ametoka Ujiji, amesoma, amepewa koti na serikali, amesamehewa, halafu analivua kwa mikono yake mwenyewe ili awe mtu wa hadithi. Hata askari mmoja alimwambia polepole alivae tena kabla mzungu hajaelewa. Kama angetutangazia kwamba ameamua kuwa mamba, tungeshangaa vile vile, lakini angalau mamba anakula kila siku.

Baba alirudi nyumbani. Hamadi alimfuata na adabu zake. Mama alimpa kiti, baba akamwangalia kama mwizi aliyekuja kurudisha mwiko tu.

"Mimi nilitoa mutoto kwa muganga," baba alisema. "Muganga iko wapi?"

"Koti nimelirudisha, mzee. Aliyekuwa ndani yake ndiye huyu hapa."

"Huyu hapa mimi simujui."

Na uchumba ukaisha namna hiyo. Nilijaribu kusema, nikaambiwa niende kuangalia moto, na moto haukuwa umewashwa. Mama alijaribu usiku na asubuhi. Alimkumbusha kwamba kijana yule amemwokoa na kambi mbele ya watu wote. Baba alisema alimwokoa na shimo alilolichimba kijana huyo huyo. Na kwamba mwanamke hawezi kupika maneno.

Hamadi akavuka mto, akaweka sanduku la mbao kando ya ghala la bandari ya Kindu, akakaa nyuma yake na kalamu. Hiyo ndiyo ikawa dispansere yake mpya. Wapagazi walimwandikisha barua za nyumbani, wasafiri wa meli walimwandikisha malalamiko. Anayeeleza jambo vibaya, Hamadi alimuuliza mpaka lipangike, na wakati mwingine barua ilitoka nzuri kuliko ugomvi wenyewe. Walimlipa mchele, samaki, chumvi. Bila barua alisimulia, au aliandika hadithi fupi na kuzipeleka na meli Stanleyville, kwenye gazeti moja la Kiswahili. Mara ya kwanza gazeti lilipotoka na jina lake, mtu mmoja alilipeleka sokoni akalionyesha kama mtoto mchanga. Hatukuwa tumewahi kuona jina la mtu tunayemfahamu limechapwa, isipokuwa kwenye karatasi ya kodi. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne kwa masista, nikaombwa nisome kwa sauti. Nilipofika kwenye jina nilikwama, si kwa sababu ya herufi.

Lakini ile hadithi ya behewa aliikataa. Walimuuliza wapagazi, wanawake wa samaki, mpaka yule karani wa Bwana Kioo alipita siku moja kwa kujifanya ananunua ndizi. Hamadi alijibu kila mtu kwamba haijaiva. Tulidhani ni ujanja wa biashara.

Aliyeumia zaidi alikuwa baba. Stesheni nzima ilijua kwamba yeye alikuwa karibu kuwa mukwe wa mwenye hadithi, basi wakamwona yeye ndiye mwenye funguo. Wapakia makaa walimuuliza. Mpiga filimbi alimuuliza. Alijibu kwamba ni upuuzi. Lakini mama aliniambia kwamba baba ameanza kuongea usingizini, anasema komeo, komeo. Na wenzake walisema kwamba kila kituo siku hizi anashuka kibandani, anatembea kando ya treni mpaka mbele, anahesabu mabehewa, anarudi nyuma, anahesabu tena.

Siku moja nilikuwa bandarini nanunua samaki (samaki wapo Alunguli pia, msiniulize). Nikamwona baba anakuja na sare ya reli, anaangalia meli kama mtu asiyejali. Nikajificha nyuma ya magunia ya mchele. Alifika kwa Hamadi, akasalimu, akasifia sanduku, akazungumzia hali ya hewa. Mwisho akauliza, macho yake yako mtoni, kama lile behewa lilikuwa la chuma au la mbao.

Hamadi akasema la mbao.

Baba akasema hata yeye aliona ni la mbao. Akauliza kama komeo lilimaliza kusogea.

"Mzee," Hamadi akasema, "mwisho wake sitausema barabarani. Ni wa kusemwa ndani ya nyumba, kwa watu wa nyumba yangu."

Sikumwona baba uso, nilimwona mgongo. Halafu akasema, "Basi ujenge upesi hiyo nyumba, Lualaba ikijaa hatutavuka na wageni." Akaondoka amenyooka. Nilibaki nyuma ya magunia nimeshika samaki, mkono umefunika mdomo.

Tukaoana. Shehe alikuja, wali ulipikwa, shangazi Jamila alicheza kwa miguu yote miwili. Baba hakula vizuri. Alituambia mbele ya watu kwamba siku ya kuja kusalimu wazazi, baada ya harusi, anataka mwisho wa hadithi mezani pamoja na chakula, na kama amedanganywa, binti yake anajua njia ya nyumbani. Watu walicheka. Mimi namjua baba, hakuwa anacheka.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nasonga ugali wetu wa kwanza wa ndoa. Nikamwambia mume wangu, kwa raha, kwamba sasa mimi ni mtu wa nyumba yake, hebu aniambie kabla ya baba, ndani ya behewa kuna nini. Hamadi alitazama miguu yake.

"Sina," alisema.

"Huna nini?"

"Mwisho. Sijawahi kuwa nao."

Mwiko ulisimama wenyewe ndani ya ugali. Alieleza kwamba alikuwa anasogeza tu, wiki hadi wiki, akidhani buba itaisha kabla ya stesheni. Alipomjibu Bwana Kioo "bado" alikuwa anasema ukweli. Alipomwambia baba mambo ya nyumba, alitumaini nyumba ikishakuwepo, mwisho utakuja. Nilimtazama mtu huyu. Alunguli nzima ilikuwa imetobolewa makalio kwa hadithi ambayo mwenyewe hajui inakwenda wapi. Baba amenitoa kwa hadithi hiyo hiyo. Nilitaka kulia, nikashindwa. Nilitaka kumpiga na mwiko, ulikuwa umenasa.

Nikaketi kwenye kigoda. Nikafikiria baba, jinsi atakavyoinuka, jinsi atakavyobeba yeye mwenyewe mkeka wangu na kuvuka nao. Nikafikiria mikono yake. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mama aliniambia mara moja tu, tukiwa peke yetu shambani. Nikamwambia Hamadi asogee, nikamwambia mimi kilichokuwa ndani ya behewa. Alisikiliza mdomo wazi, kama mgonjwa wa Alhamisi. Ugali uliungua.

Tulifika kwa wazazi, tukasalimu. Sombe ilikuwepo, wali, samaki. Shangazi Jamila alikuwa amekuja bila kualikwa na amechukua kiti cha karibu. Baba hakugusa chakula. Alisema, "Komeo."

Hamadi akaanza. Komeo likasogea mpaka mwisho, mlango ukafunguka. Ndani hakukuwa na mzimu wala dhahabu. Alikuwepo mtu mmoja amekaa kando ya taa yake, nguo zake za reli zimejaa vumbi. Alikuwa mshika breki. Zamani, kwenye mteremko mmoja mbele ya Kibombo, treni ilisimama, akashuka kuweka kipande cha mti chini ya gurudumu. Dereva akapiga filimbi, akaondoka bila kutazama nyuma. Alipofika Kindu na kuambiwa kwamba mtu wake amebaki, akasema treni haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja. Yule mtu akatembea juu ya reli peke yake. Na tangu siku hiyo dereva anashuka miteremko yote salama, hajiulizi nani anamshikia breki.

Mama aliangalia sakafu. Niliona mikono ya baba juu ya magoti yake inazunguka kidogo kidogo, kama imeshika gurudumu. Nikaogopa kwamba nimefanya kosa kubwa kuliko lile la Hamadi.

"Miguu yake," baba akasema mwishowe. "Ilikuwaje?"

Hamadi hakujua. Akanitazama.

"Ilikuwa imevimba, baba," nikasema. "Ngozi ya chini imetoka."

Baba aligeuka taratibu akanitazama mimi, si mume wangu. Alinitazama kama siku ile barazani, lakini safari hii hakusema kwamba hatujuani.

"Imevimba, ndiyo," alisema. Kisha akamuuliza Hamadi dereva alisema nini alipomwona.

Hamadi akasema dereva alipiga magoti, akaomba msamaha.

Baba alifikiri. Akavuta sahani ya sombe, akachota, akatafuna mpaka mwisho. Akachota tena, akaisukuma upande wa Hamadi.

"Behewa kujifunga, mimi naamini," alisema. "Mutu kutokea mule ndani, naamini. Lakini dereva kuomba musamaha kwa mutu wa breki? Ile njo uongo sasa, mukwe. Mbele ya kupeleka kwa gazeti, ukafute."

Hamadi alifuta. Gazeti la Stanleyville lilipotoka, dereva anatazama ndani ya behewa na hasemi kitu, na watu wa reli walisema wanamjua dereva huyo, wakataja majina. Baba alilibandika ukutani karibu na kitanda chake, likakaa mpaka mchwa walipolisoma lote. Yale magoti na ule msamaha havikuchapwa popote. Mimi nimevirudisha hapa, kwa kuwa baba hayupo tena wa kunizuia, na Hamadi naye alizoea kitambo kwamba miisho ni yangu.